Siku Tupu za Mpitimbi

Siku ya kwanza kazini nilikuta kompyuta ya ofisi imefunikwa kitambaa cha kudarizi chenye maua mekundu pembeni, kama redio ya sebuleni kwa bibi. Mkuu wa Kitengo cha Takwimu, mtu mrefu asiyecheka ovyo, aliniacha nimesimama mlangoni mpaka akamaliza chai yake. Kisha akaniuliza tarehe ni nini. Nilikuwa nimetoka chuoni, cheti kiko kwenye bahasha mkononi, nikamjibu kwa kujiamini kwamba tarehe ni siku, mwezi na mwaka.

"Hiyo ni kalenda, ya kumwonyesha mtu ukutani," alisema. "Humu ndani tarehe ni namba moja tu. Ukilisahau hilo, binti, utatuharibia kazi."

Ofisi yetu ilishughulika na maji ya bonde, hapa Songea. Tulitunza rekodi za mvua na za vina vya mito, na kwa rekodi hizo wakubwa waliamua daraja lijengwe kwa urefu gani, nani apewe kibali cha kumwagilia, na watu wasijenge wapi. Mimi sikuwahi kupima mvua wala kujenga daraja. Kazi yangu ilikuwa programu zinazopanga tarehe na saa za vipimo hivyo, na ndiyo niliyoifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Watu wa Mjimwema ninakoishi walidhani natengeneza kompyuta. Walikuwa wakiniletea simu zilizoingia maji.

Nieleze kidogo, maana ninyi mnaoanza sasa mnakuta kila kitu kimeshapikwa. Mashine huhesabu wakati kuanzia mwanzo wa mwaka 1970. Siku ile ni sifuri, inayofuata ni moja, na kuendelea. Siku za kabla yake ni hasi. Mimi mwenyewe kwa hesabu hiyo nimezaliwa kwenye hasi, na vijana wa ofisini hawakuchoka kunitania kwa hilo. Ila namba peke yake haitoshi, lazima iende na kipimo chake. Ishirini ikiwa ni ya siku, uko wiki ya tatu ya Januari. Ikiwa ni ya sekunde, hata dakika haijaisha. Nimeona watu wenye shahada wakijumlisha siku na sekunde kisha wanashangaa mbona mto umefurika kabla mvua haijanyesha.

Namba hizo zikiwekwa sambamba kwenye kumbukumbu ya mashine, moja baada ya nyingine bila nafasi kati yake, tunaita safu. Kituo kimoja cha mvua kina safu mbili: moja ya kiasi cha maji, nyingine ya wakati ambao msomaji alikwenda kukisoma chombo. Kila siku ya mwaka ina nafasi yake kwenye safu zote mbili.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Tunduru. Sikufurahi. Nilikuwa na mtoto mchanga na barabara ya wakati ule ilikuwa ya vumbi mwanzo mwisho. Lakini kule ndiko nilikofundishwa jambo ambalo chuo hakikunifundisha. Msomaji wetu wa Namasakata alikuwa mzee mmoja mkulima wa korosho, mtu wa swala tano, muungwana kweli kweli. Msimu wa kuokota korosho ulipofika, akawa anatuma sifuri siku zote alizokuwa shambani, kwa kuogopa tusije tukamwona mvivu. Mkuu wa Kituo cha Tunduru alipogundua hakumfokea. Tulikwenda naye mpaka barazani kwa yule mzee, tukaamkia, tukala, ndipo akamwambia kwa upole.

"Mzee wangu, sifuri ni habari, inasema hapakunyesha. Na ukiacha tupu nayo ni habari, inasema hukupima. Usituchanganyie."

Mzee alisema amesikia, na inshallah hatarudia. Na kweli hakurudia. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nimempakata mtoto, nikayaweka maneno yale kichwani.

Niliporudi Songea mambo yalikuwa yamebadilika. Kompyuta zilikuwa nyingi, kitambaa cha maua kimepotea, na kazi ilikuwa inafanywa kwa Python. Hiyo ni lugha rahisi kuandika, ila mashine huisoma mstari kwa mstari, kama padri mgeni anayehubiri kupitia mkalimani, na ukiwa na safu ndefu unaweza kwenda kula ukarudi bado. Kwa hiyo zile hesabu nzito huandikwa kwa C, zikakompailiwa, yaani zikageuzwa mapema zote kwa mkupuo kuwa lugha ya mashine yenyewe, kisha zikapachikwa chini ya Python. Tulikiita kiendelezi. Juu unaandika mstari mmoja, chini kiendelezi kinakimbia safu nzima kufumba na kufumbua.

C ina kasi kwa sababu haikuulizi kitu. Ukiiambia itoe namba hii kwa ile, inatoa. Hapo ndipo penye balaa la nafasi tupu. Siku ambayo chombo hakikusomwa, nafasi yake kwenye safu ya wakati haiwezi kuwa wazi kabisa, maana lazima namba fulani ikae pale. Wataalamu walikubaliana iwekwe namba ndogo kuliko zote ambazo mashine inaweza kushika, na wakaipa jina NaT. Maana yake hapa hakuna wakati. Python inaijua na kuiheshimu. Ukishuka kwenye C hakuna heshima, ile ni namba kama namba nyingine. Usipoikagua wewe mwenyewe kabla ya kutoa, utapata tarehe ya miaka ambayo hata Adamu hajaumbwa, na mashine haitasema lolote.

Kiendelezi tulichokuwa tunakitumia niliachiwa na mtangulizi wangu. Alikuwa mwandishi mzuri wa C, simsemi vibaya. Yeye alilimaliza tatizo la NaT kwa mkato: kila alipoikuta aliiondoa, akasogeza zilizobaki ziungane, akasema data imesafishwa. Hesabu zikawa haraka, wakubwa wakafurahi. Mimi nilipewa kazi nyingine za haraka, na kile kiendelezi kikaendelea kufanya kazi miaka na miaka bila mtu kulalamika.

Sasa nije Mpitimbi.

Mwaka huo mvua zilikuwa nyingi sana. Mhandisi wa Bonde, kijana mwenye bidii ambaye kila asubuhi aliniamkia shikamoo kabla ya kunipa amri, aliagizwa achore mstari wa mafuriko. Ni mstari kwenye ramani: chini yake watu hawakai. Mstari huo unategemea siku moja yenye mvua kubwa kuliko zote kwenye rekodi. Akaendesha programu, na kituo cha Mpitimbi kikatoa siku moja ya kutisha. Mstari ukapanda mpaka ukakimeza kitongoji chote cha bondeni, nyumba, migomba na makaburi. Taarifa ikaandaliwa kwamba wananchi wahamishwe kabla ya masika yanayofuata.

Niliitazama ile siku na haikunikaa vizuri. Nimeshika mvua za mkoa huu muda mrefu, na siku ya namna ile ningeikumbuka hata mimi niliyekuwa mjini. Nikafungua safu mbichi, kabla kiendelezi hakijazigusa. Nyuma tu ya ile siku kubwa palikuwa na siku tatu za NaT. Kiendelezi kilikuwa kimeziondoa, kikaisogeza siku kubwa ikagusana na siku ya kabla ya pengo, na maji yote yaliyokusanyika chomboni yakahesabiwa kuwa yameanguka kwa siku moja.

Nilimpelekea Mhandisi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hata mimi ningeuliza: nitajuaje kwamba haikunyesha yote siku ile ya mwisho? Pengo linasema msomaji hakwenda, halisemi mvua ilikuwa wapi. Akaniruhusu nichukue gari niende.

Msomaji wetu wa Mpitimbi alikuwa Mama Skolastika Nyoni. Tulikuwa tunajuana kwa ujumbe wa simu zaidi ya kwa sura. Kila asubuhi alituma mvua yake, na Jumapili alituma kabla ya misa. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapepeta mahindi, amevaa nguo nyeusi. Nilipomwamkia akanitazama kidogo, kisha akanikaribisha kwenye mkeka na kuniuliza habari za watoto, mmoja mmoja. Nami sikuwa na haraka. Mwisho nikamuuliza zile siku tatu.

"Nilikuwa mkekani, mwanangu," alisema. "Mume wangu amelala ndani hajazikwa, mimi nitoke na chupa nikapime maji? Watu wangenionaje?"

Akanionyesha ufunguo wa uzio wa chombo, ameufunga kwenye pindo la kanga. Ulikuwa pale pale msiba wote. Hakuna aliyethubutu kuuomba kwa mjane, na yeye hakumpa mtu kwa kuwa ni mali ya serikali. Mvua aliisikia juu ya bati, alisema, siku ile ya kwanza, na usiku wake, na siku ya kuzika ilinyesha mpaka wachimbaji wakaweka matawi kaburini wasiteleze. Walipoanua tanga ndipo akaenda, akapima yote iliyokuwemo, akatuma. Nilimuuliza kwa nini hakuweka hata sifuri kama wengine. Akanishangaa. Hakupima, angeandikaje?

Habari za kuhamishwa alikuwa amezisikia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hakulia wala kunibembeleza.

"Kama ni kuhama tutahama, serikali ikishasema," alisema. "Ila huyu mzee wangu ndiyo kwanza tumemlaza pale nyuma. Nitamwachia nani?"

Kaburi lilikuwa hatua chache tu kutoka tulipokaa, udongo bado mwekundu, msalaba wa mbao umeandikwa kwa rangi. Nilimwambia nimesikia, nikaaga. Njia nzima nilikuwa nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Nilipomsimulia Mhandisi alizungusha kalamu.

"Mama Haule, mimi nakuamini," alisema. "Lakini yule mama nyumba yake iko hapo hapo bondeni, na kaburi la mumewe. Nikimwacha kwa neno lake, mto ukaja, nitawaambia nini watu?"

Ilinichoma, lakini alikuwa na haki. Na mimi nilikuwa na haki ya kutafuta. Chini ya Mpitimbi, darajani, tulikuwa na mashine inayojipimia kina cha mto yenyewe, kila robo saa, bila msiba wala sikukuu. Shida ni kwamba mashine ile iliandika kwa sekunde, Mama Skolastika kwa siku, na tena mashine ilikuwa imewekwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiziweka pamoja hivi hivi, mto uliopanda alfajiri ya huku unaukuta kwenye usiku wa jana yake. Nilikaa na kiendelezi wiki nzima. Nilizigeuza tarehe zote ziwe za sekunde, nikasogeza zile saa tatu, na kila penye NaT nikaiacha isimame mahali pake.

Kisha nikaandika upya ile sehemu ya mtangulizi wangu. Badala ya kuondoa, programu ikifika kwenye usomaji inarudi nyuma, inaruka kila NaT bila kuigusa, mpaka ikute usomaji wa kweli uliotangulia. Inatoa wakati huu kwa ule, inapata muda ambao maji yale yalikusanyika. Ni mistari michache tu ya C. Mhandisi alishauri mvua ile niigawe sawa sawa kwa zile siku, ripoti ionekane nzuri. Nilikataa. Hakuna aliyepima, na mimi nisingejifanya nimepima. Programu ilitoa kiasi, na pembeni yake muda kiliochukua, basi.

Tulipouweka mchoro wa mto juu ya ule wa mvua kwenye kioo cha kompyuta, jibu lilikuwa pale. Mvua ile ingeanguka kwa siku moja, mto ungeruka juu na kushuka. Huu ulipanda taratibu siku ile ya kwanza, ukatulia, ukapanda tena, ukapanda tena. Ulikuwa umefanya vile vile Mama Skolastika alivyosikia juu ya bati lake.

Mhandisi alitazama muda mrefu. Akauliza nina uhakika kiasi gani. Nilimwambia mashine moja ya darajani haiwezi kunipa uhakika wote, na anayetaka uhakika wote akaulize mbinguni. Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Basi mstari utashuka," alisema. "Lakini uchambuzi uwe na jina lako, mama. Si la kitengo. Lako."

Nikaliweka. Kitongoji kikabaki. Mwenyekiti akatuma kuku wawili na salamu, na Mama Skolastika akaendelea kutuma mvua yake kila asubuhi bila kuongeza neno. Wenzangu walinipongeza. Lakini nawaambia ukweli, masika yaliyofuata sikulala vizuri. Mvua ikigonga bati Mjimwema nilikuwa naamka naifikiria Mpitimbi, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba namba zangu zina watu waliolala chini yake. Niliogopa. Asubuhi ujumbe wake ukiingia, milimita kadhaa, ndipo nakunywa chai. Yeye hakujua kwamba alikuwa ananituliza kila siku. Masika yakapita, yakaja mengine, mto ukapanda na kushuka mahali pake.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilikuwa namkabidhi kazi Ndunguru, mchambuzi aliyechukua kiti changu. Mtu makini, ana mtoto sasa, si kijana tena. Tulikuwa tunapitia vituo kimoja kimoja. Tulipofika Mpitimbi nikaona NaT juzi, NaT jana. Katikati ya mvua. Ndunguru akasema labda ni mtandao, au simu imeisha chaji. Tukasubiri. Asubuhi ya tatu ikawa NaT tena.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Siku moja ya kuumwa angemtuma mtu atujulishe, ndivyo alivyokuwa. Nilimwambia Ndunguru aombe gari, Mpitimbi kuna msiba, na kwa jinsi ninavyoisoma safu hii msiba ni nyumbani kwa Mama Skolastika. Sikumwambia nilichokuwa naogopa, kwamba safari hii aliyelala ndani ni yeye mwenyewe.

Tulifika wakiwa wametoka kumzika muda si mrefu. Walimlaza ubavuni mwa mumewe, pale pale nyuma ya nyumba. Nililia, sikujali Ndunguru ananiona. Mwanamke mmoja aliyekaa mkekani katikati ya wenzake, sura yake ile ile ya mama yake, alininyooshea mikono, na nilipoinama kumpa pole nikauona ufunguo kwenye pindo la kanga yake. Aliniomba radhi kwamba hajapima. Nilimwambia asipime.

Walipoanua tanga ujumbe ukaingia kutoka kwa binti yule. Milimita nyingi, na chini yake ameeleza kwamba ni za tangu mama alipofariki. Programu ikarudi nyuma, ikaruka zile NaT bila kuzigusa, ikamkuta mama yake kwenye usomaji wa mwisho, ikatoa muda. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Ndunguru.

Sasa nimestaafu. Nafuga kuku, naimba kwaya na sauti haipandi kama zamani, na simu zilizoingia maji bado wananiletea. Wakinialika vyuoni kuzungumza nawaambia vijana mambo ya kawaida: chunga kipimo cha namba yako, jua saa zako ni za wapi, kagua NaT kabla hujatoa. Wanaandika. Sijui kama wanasikia.

Juzi Ndunguru alinipigia. Kumeletwa programu mpya, inajaza mapengo yenyewe kwa kukisia kutoka vituo jirani, na wakubwa wanataka safu zote za zamani zijazwe ili rekodi ikamilike. Vituo vingine vyote alikuwa ameshajaza. Aliniuliza afanyeje na zile siku tupu za mwisho za Mpitimbi.

Nilimwambia aziache. Zile ni za Mama Skolastika.